Dawa ya Mzee, si ya Wateja

Wiki jana nilikuwa kwenye kemisti mjini Homa Bay, nikingoja dawa ya macho. Mbele yangu mama mmoja, aliyevuka kwa boti kutoka kisiwa cha Mfangano, aliegemea kaunta akanong'ona kwa sauti tuliyoisikia sote.

"Daktari, nasikia kuna tembe za kumwachisha mtu pombe. Nipe za mzee wangu." Akasugua vidole kama anayenyunyizia dagaa wa omena chumvi. "Nitamsagia kwa mboga. Hatajua."

Mwenye kemisti akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Hizo hupunguza hamu, lakini mtu hapewi kwa siri. Aje mwenyewe, aende hospitali, apimwe ini, akubali."

"Huyo akubali? Chang'aa imemshika."

"Anakunywa wapi?"

Mama akaangalia kikapu chake. "Kwangu. Mimi ndiye napika. Yeye ndiye huonja kama imekolea, na akianza kuonja haachi."

Mwenye kemisti akaweka kalamu chini.

"Sasa si uache kupika?"

"Na watoto nitawasomesha na nini?"

"Na wateja wako, mama? Hao huwatafutii dawa?"

Mama akamtazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. "Wale wana wake zao."

Akajifunga leso vizuri, akasema anarudi kumleta mzee.

Mimi tangu siku hiyo nawaza. Wake hao nao wana masikio, na boti huvuka kila siku. Siku watakapokuja kuulizia tembe hizo, sijui mama yetu atampikia nani.