Kagunia ka Kuluthum

Hapana, Wawira, sicheki kazi yako.

Nimecheka juu unasema mlienda chuo kusomea kutibu uoga wa mtoto kwa kutumia doli. Mimi nilitibiwa hivyo Subukia, wakati wa emajensi, Waingereza wakisaka Mau Mau. Na hiyo dawa nusura itumalize nyumba nzima.

Andika basi, uwawekee watu huko kwa simu. Mimi nasema tu.

Nilikuwa miaka saba hivi. Tulikaa kwa shamba ya kaburu mmoja, mahindi mpaka macho inachoka. Asubuhi moja askari walitupanga uwanjani, wakaleta mtu amevaa gunia kichwani, imetobolewa macho. Hasemi. Anapita tu. Akikutingishia kichwa, wewe ni Mau Mau, umeenda.

Sisi Wakikuyu tulimuita gakunia: mtu wetu mwenyewe, anasaliti wenzake amejificha uso.

Alifika kwa baba yangu, Hiram. Akatingisha kichwa.

Baba akapandishwa lori. Mimi sikuongea tena.

Weuh, kunyamaza si kitu. Shida ni nikiona gunia yoyote, najikojolea. Na shamba ya mahindi ni gunia kila mahali.

Kemboi, nyapara, akamwambia mama: mtoto wako asiposhika gunia mavuno ikifika, nyinyi wote mnapanda lori kwenda rizavu, huko serikali iliwatengea Wakikuyu. Na rizavu hatukuwa na mtu. Mama alizaliwa hapo hapo Subukia.

Naftaly, ndugu mdogo wa baba, alikuwa amehamia kwetu, eti kutuangalia. Alinichapa na mshipi. Ananivika gunia kwa nguvu, ananiuliza, "Uliona nini wewe? Sema." Nikizimia anasema nina pepo.

Majirani nao wakakataza watoto wao kunikaribia. Siku hizo hata salamu watu walikuwa wanapima kwanza.

Sasa kulikuwa na Kuluthum, bibi ya Bashir, mpishi wa kaburu. Ametoka Mombasa juzi tu. Akamuuliza mama, huyu mtoto anaogopa nini? Mama akachungulia nje, akanong'ona, "Gakunia."

Kuluthum akasikia kagunia. Alishasikia watu wa bara wakisema ka-hiki, ka-kile.

"Kagunia tu?" akasema. "Niachie mimi."

Hakuna mtu alimrekebisha. Nani angethubutu kumweleza mgeni hiyo neno?

Kesho yake akaja na gunia ya sukari, amejaza maganda ya mahindi, amechora macho na makaa. Akaipakata, akaongea na pua: "Mimi Bwana Kagunia. Nani kaniibia mandazi yangu?" Ikamtingishia kuku kichwa. Kuku akawa mwizi. Ikamgeukia mbuzi, mbuzi naye akashtakiwa.

Mama alifunga mlango. Mtu akiona huo mchezo, tumekwisha.

Lakini mimi nilicheka.

Akaendelea kuja. Nikaigusa. Nikaibeba. Jumapili moja mchana mama anapakua githeri, Kuluthum akatoa yale maganda yote, akaniambia, "Haya mwanangu, leo Bwana Kagunia ni wewe."

Nikavaa. Mimi mwenyewe, bila kushikwa.

Nikapita mbele yao polepole. Halafu nikasimama na mguu mmoja, nikajikuna huo mguu nyuma na kidole cha ule mwingine.

Kuluthum alicheka mpaka akashika mbavu. Mama hakucheka. Mwiko ulibaki hewani.

Shamba yote ni mtu mmoja alikuwa anasimama hivyo, tangu funza zimle utotoni. Naftaly.

Kumbe sikuwa naogopa gunia. Niliogopa ile miguu niliona ikijikuna hivyo chini yake, siku ya lori.

Na huyo hapo mlangoni, amekuja kula.

"Nani amemfundisha hii?"

Mama alinivua ile gunia, akaitandika chini, pale baba alikuwa anakaa.

"Kaa, shemeji."

Naftaly akitingisha kichwa mara moja tu, mama naye anapanda lori. Mama alijua. Naftaly akajua mama anajua. Akabaki amesimama, anaangalia gunia kama nyoka.

Mimi ndiye nilisema. Neno langu la kwanza tangu lori.

"Baba mdogo, kaa."

Mavuno ilifika nikashika gunia kama watu, Kemboi akatuacha tubaki shambani. Kwa hivyo, Wawira, mtoto akiogopa kitu usimchape, mpe acheze nacho. Lakini nyinyi wakubwa mjipange. Mchezo wa mtoto hauna siri.

Siku hiyo, Naftaly alikaa. Juu ya gunia yake. Kuluthum, hajui lolote, akatunawisha mikono, naye akakaa. Mama akawa wa mwisho.

Tukala.