Upepo Shavu la Kushoto

Nilitoka chumbani Jumamosi moja asubuhi kwenda kununua maziwa, na maziwa hayo sijayanunua hadi leo. Safari zangu nyingi huanza hivyo, wala sioni haja ya kumwomba mtu msamaha.

Pale mtaani Tena, Eastlands, karibu na kanisa, nilikuta basi na watu wazima kama ishirini waliovaa raba mpya. Kila mmoja alishika fimbo, kama wachungaji waliopoteza mifugo. Mimi hubeba mbuzi machinjioni Kiamaiko, kwa hiyo fimbo zile zilinichekesha. Nikauliza wanaenda wapi.

"Kutembea milima ya Ngong," alisema mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha. "Panda, mwanangu. Kuna mmoja hakuja."

Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu mwenye filimbi shingoni. Alitazama akala zangu za matairi, akapandisha macho hadi usoni, akanikumbuka. Alikuwa amenifundisha darasa la sita, mwaka nilioacha shule.

"Huyu ni wa kuanza tu," akawaambia wenzake. "Hajawahi kumaliza kitu. Ataishia kwenye mitambo ya umeme wa upepo, atungoje langoni. Upande wa pili ni wa watu waliojiandaa."

Wakacheka. Nikapanda basi. Moyoni niliapa kwamba upande wa pili nitaufikia, hata kama nitaufikia peke yangu.

Mitambo ile ni mirefu kuliko ghorofa zetu. Ukisimama chini ya mmoja, panga linapita juu yako kwa mvumo mzito, kama mtu anayekung'uta blanketi, halafu linakuja la pili, halafu la tatu. Niliona vichwa vyote vimeelekea upande mmoja. Nikamuuliza mlinzi wa lango kwa nini.

"Vinautazama upepo, bro. Hapa unatoka mashariki karibu kila siku. Huko kwenu mjini."

"Na mwisho wa milima?"

"Kusini. Fuata mgongo wa mlima tu."

Filimbi ikalia. "Wacha kusumbua watu wa kazi!" mwalimu akanifokea. "Wewe ubaki hapo."

Sikubaki. Mlima hauna mlango. Nilichukua kikapu cha mama wa mayai nikaenda nyuma yao, naye akanipa yai kama mshahara. Tulikula tumeegemea nguzo ya mtambo wa mwisho, mbele yetu nyasi zimelazwa na upepo hadi upeo wa macho.

Tulipoanza kupanda tena, ukungu ukashuka. Hatukuona hata hatua tatu mbele.

"Sikilizeni mitambo," mwalimu akaagiza. "Sauti ikibaki nyuma, tuko sawa."

Wote tuliona ni akili, hata mimi. Sisi watu wa Eastlands hutafuta njia kwa masikio. Stima zikipotea, unajua uko wapi kwa adhana, kwa mashine ya kusaga, kwa nyundo za mafundi. Lakini mlimani mitambo ni mingi na sauti yake ni moja, na upepo unaipeleka unakotaka. Baada ya muda mrefu mama wa mayai alisimama, akainama.

"Jamani, hili ganda la yai ni langu."

Hakuna aliyecheka. Tulikuwa tumerudi chini ya nguzo ileile. Mwalimu akapuliza filimbi, kana kwamba ukungu utapanga mstari.

"Wekeni upepo shavu la kushoto," nikasema. "Unatoka mashariki. Ukikaa kushoto, tunaenda kusini."

"Umesoma wapi hayo?" mwalimu akauliza.

"Langoni, mwalimu. Nilipokuwa nasumbua watu wa kazi."

Mama akaangua kicheko, akashika shati langu kwa nyuma. Mwingine akashika kitenge chake, na mwingine akamshika huyo. Tukaenda hivyo kilima baada ya kilima, shavu langu la kushoto limekufa ganzi. Mwalimu alikuwa wa mwisho kwenye mstari.

Ukungu ulipopasuka, basi lilikuwa chini yetu, upande wa pili. Mwalimu alitoa daftari la kuandika waliomaliza. Alipofika kwangu akakohoa.

"Jina lako la pili ni nani vile?"

"Usiniandike, mwalimu. Mimi sijamaliza."

Walirudi mtaani Tena. Mama alinipungia mkono dirishani mpaka basi likapotea. Mimi nikateremka na barabara hadi kwenye vibanda vichache vya mabati nisivyovijua, nikaingia bucha iliyokuwa na vyumba nyuma.

"Mzigo wako uko wapi?" mwenye bucha akauliza, mwanamke mwenye aproni.

"Sina, mama. Natafuta chumba."

"Cha siku ngapi?"

"Hilo bado sijui."

Aliziangalia akala zangu, kisha mikono. "Unajua kuchuna mbuzi?"

"Nimetoka Kiamaiko."

Akatungua ufunguo kwenye msumari, akanirushia.