Mlango Ulioegeshwa

Fundi seremala alikuwa amefura kwa hasira. Mfanyakazi wake mpya, aliyetoka jela mwezi uliopita, amechelewa siku ya tatu mfululizo.

"Mama Dhamana, mtu wako huyu kazi haitaki!" alimfokea mama mtu mzima aliyemtafutia kibarua hicho, kama alivyowatafutia wafungwa wengi kabla yake.

"Hajachelewa, mwanangu. Nimempita hapo nje, kasimama tangu alfajiri. Kila siku anamsubiri mteja wa kwanza afungue, naye aingie nyuma yake."

"Si mlango umeegeshwa tu?"

"Miaka kumi na moja anafunguliwa kila mlango. Mkono umesahau."

Hasira zikamwishia fundi pale pale. Akainuka akamfungulie, lakini mama akamvuta shati.

"Kaa kitako! Ukimfungulia leo, utamfungulia mpaka uzeeke."

Akakaa, randa mkononi. Kitasa kikazunguka nusu, kikarudi. Kikazunguka tena, polepole.

Fundi, aliyetengeneza milango miaka thelathini, akabana pumzi kama mtu ambaye hajawahi kuona mlango ukifunguliwa.