Jino la Mwalimu wa Tarumbeta

Siku yangu ya kwanza kazini misheni, kwenye kundi la tarumbeta, sikupewa tarumbeta. Nilipewa mdomo wake tu, kile kipande kidogo cha shaba ambacho mpigaji hukibana kwenye midomo, na Mwalimu akaniambia niende nacho nyumbani Ihembe. "Ukiweza kukiliza kama nyuki bila kuvimbisha mashavu, rudi," alisema. Nikawa nakipuliza migombani asubuhi na jioni, hata mama akawa anaona haya kwa majirani. Nilikuwa mtu mzima tayari, nina kibanja changu na mibuni imeanza kuzaa. Ninyi vijana mnaokuja kuniuliza habari za muziki wa zamani mnadhani palikuwa na raha nyingi. Kwa sehemu kubwa palikuwa na midomo iliyovimba.

Mwalimu alikuwa Mhaya wa upande wa Bukoba, mrefu, mkavu wa maneno. Ndiye aliyewafundisha wapiga tarumbeta wote wa misheni yetu. Alituambia tarumbeta hailii kwa nguvu za kifua. Inalia kwa midomo inayotetemeka, na midomo hiyo huegemea meno ya mbele. Meno yakienda, kazi imekwenda. Kwa hiyo alitukataza kutafuna kahawa. Huku kwetu mgeni akiingia huletewa kikapu kidogo cha akamwani, kahawa iliyochemshwa na kukaushwa na maganda yake, naye huitafuna. Akikataa, amemdharau mwenyeji. Mwalimu alikataa kila nyumba. Watu wakasema anaringa, naye akawaacha waseme.

Tulipiga kwa sauti nne, na ya kwanza ndiyo inayobeba wimbo. Hiyo ilikuwa ya Mchungaji Mkuu, mzungu wa misheni. Hakuwa mtu mbaya. Alitutibu, alikaa nasi kwenye misiba. Lakini aliamini kwamba Mwafrika hupendeza akisindikiza. Alfajiri ya Pasaka desturi yetu ilikuwa kusimama makaburini na kupiga wimbo wa ufufuo kabla jua halijatoka. Kila mwaka Mwalimu alisimama nyuma ya Mchungaji akipiga sauti ya pili, katika wimbo ambao yeye ndiye aliyetufundisha sote.

Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, koplo mmoja aliyepigana huko alirudi Ihanda na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri mbili. Mwalimu alinichukua tukaenda kusikiliza. Santuri moja ilikuwa ya dansi: tarumbeta ilipanda peke yake juu ya ngoma, ikacheka, ikalia, ikamjibu mwimbaji kila alipoishia. Katika ile nyingine mtu aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti nzito, nyuma yake fidla nyingi za Kizungu. Mwili ulinisisimka.

"Wazungu hawa wanajua," nilisema.

Koplo akacheka sana. "Wazungu gani? Watu weusi hao, wa Marekani. Wote wawili. Picha zao nimeziona Misri kwa macho yangu."

Mwalimu akaomba ile ya dansi irudiwe. "Na hapa," aliuliza, "sauti ya kwanza anapiga nani?"

"Si huyohuyo mweusi, Mwalimu? Wengine ndio wanamfuata yeye."

Kesho yake alimwendea Mchungaji, mimi nikiwa palepale napaka mafuta vali, vile vifungo vya kubonyeza.

"Mchungaji, Pasaka hii nipe sauti ya kwanza."

"Mwakani, Mwalimu. Mwakani."

Mwaka ukapita akajibiwa hivyo hivyo, na uliofuata pia. Wakati huo nilikwishajua jambo alilokuwa akilificha: jino lake moja la mbele lilikuwa linatikisika. Alifanya mazoezi amekunja uso, akigeuka pembeni kutema damu. Nilimhurumia, na kila Pasaka iliyokaribia nilizidi kuingiwa na hofu.

Hatimaye, katika Kwaresima moja, Mchungaji alimwita mbele yetu wote. "Pumzi zangu zimezeeka," alisema. "Pasaka hii sauti ya kwanza ni yako." Mwalimu aliinamisha kichwa tu. Lakini jioni alipita kwetu, na sijawahi kumwona amekunjuka uso namna ile. Baba akaleta kikapu cha akamwani, kwa kutimiza desturi tu.

"Waitu, Mwalimu wetu, najua utakataa."

"Leo sikatai, mzee wangu. Leo nafurahi na watu."

Akachukua punje moja, akaipasua ganda kwa meno ya mbele kama tufanyavyo sote. Tulisikia. Alifunika mdomo kwa kiganja, na alipokishusha, jino lilikuwa humo. Mwalimu akamshukuru kwa kahawa, akaaga, akaondoka taratibu. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Siku mbili kabla ya Pasaka alinikabidhi tarumbeta yake. "Utapiga wewe."

"Siwezi, Mwalimu."

"Nimekufundisha ili uweze. Usinichoshe."

Nikapiga. Tangu hapo sauti ya kwanza ikawa yangu. Nilipelekwa Kayanga, kisha Ihanda, nikafundisha chini ya wachungaji wazungu na baadaye weusi, nikapiga kwenye harusi na mazishi mpaka meno yangu nayo yakanishinda. Nilistaafu kimyakimya. Mgongo unauma, na tarumbeta iko ukutani, imeingia kutu. Redio ikiwasifu wale weusi wa Marekani waliotangulia, nafurahi kweli, maana mmoja wao alimfikia Mwalimu wangu katika chumba cha koplo. Ila nimechoka kuitwa mtu mweusi wa kwanza kuongoza tarumbeta hapa kwetu.

Asubuhi ile makaburini, katikati ya wimbo, nilisikia kitu nyuma yangu. Mwalimu alikuwa ameshika ule mdomo wa shaba wa siku yangu ya kwanza, bila tarumbeta, anaupuliza kama nyuki, pumzi zikimvuja pengoni. Hakuwa anapiga sauti ya pili. Alikuwa ameibeba ya kwanza tangu mwanzo, hatua moja mbele yangu, na mimi nilipopotea nilimfuata yeye. Basi mkiandika, andikeni kwamba wa kwanza alikuwa yeye. Mimi nilimsindikiza.