Mchumba wangu anapima hedifoni masikioni mwangu, na sikio langu moja halisikii

Admin, nifunike vizuri, maana huku kwetu mtu akikohoa Kasulu, Kibondo wanampa pole.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na nane, mwalimu wa shule ya msingi huku Kitahana, Kibondo. Kwetu ni Rungwe Mpya, Kasulu. Sikio langu la kushoto halisikii. Nilipokuwa mdogo lilitoa usaha masika nzima, likapona, ila kusikia hakukurudi. Sioni aibu. Nyumbani kila mtu hukaa upande wangu wa kulia bila kuambiwa, na watoto wangu wa darasa la kwanza walilijua hilo kabla hawajazijua irabu. Wakitaka kwenda chooni wanazunguka meza hadi upande wa kulia ndiyo wananiomba ruhusa.

Asiyejua alikuwa mmoja tu, naye ndiye anayetaka kunioa.

Huyu bwana ni mtumishi wa serikali, kaletwa kutoka mkoa mwingine, na sisi wa huku anatuona kama watu tuliochelewa kuzaliwa. Kazi yake ya ofisini siijui vizuri, lakini kazi ya moyo wake ni kulinganisha hedifoni, hizi ndogo za kuchomeka masikioni. Anazo za waya, anazo zisizo na waya, ana kopo zima la vile vipira vya kuvisha ncha, vidogo kwa vikubwa. Kila jioni anajirekodi akizisifu na kuziponda: hii besi inagonga, hii inatoboa, hii inabana, hii ukitafuna muhogo inadondoka. Ana wafuasi, basi anajiona mbunge.

Tulipoanza uchumba nilimweleza habari ya sikio langu, tumekaa nje kwangu jioni. Nilimweleza yote hadi machozi yakanitoka. Alitikisa kichwa, akanishika mkono, akasema, "Pole mpenzi, itakaa sawa." Nilimpenda kwa sababu ya jibu lile.

Tangu hapo nikaishi naye kama mtu anayejua. Tukitembea nikazunguka ili nimweke kulia, anacheka: "Mbona unanizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?" Nikadhani ananitania. Akiniita kutoka kushoto nisiitike, ananuna siku nzima eti nina dharau. Wakati ule sikuwa nayo. Sasa ninayo, ya kutosha kugawia kijiji.

Jumapili moja akaja na jozi mbili mpya, akaisimamisha simu, akanichomeka masikioni. Eti mimi ndiye "msikilizaji wa kawaida". Akauliza, "Upande upi umezidi?"

Nikamwambia, "Kushoto sisikii. Si nilishakwambia?"

Akaigeukia simu anacheka. "Jamani, mnawaona watu wangu wa huku? Hata kuvaa tu ni somo!" Akaisukuma ile ya kushoto kwa kidole hadi nikaruka. "Na sasa?"

"Inaniumiza."

"Ehee! Hiyo sasa ndiyo besi!"

Video ikazunguka. Sokoni Kibondo akanifuata mzazi mmoja, mama ambaye huwa naonana naye siku za vikao tu. Alizunguka kwanza hadi upande wangu wa kulia, akanisalimia, kisha akauliza kwa upole, "Mwalimu weee, huyo mugabo wako, hajui?" Mugabo kwa Kiha ni mume, na aliyekuwa anamuulizia ni huyu mchumba wangu. Nikanunua nyanya ambazo sikuzihitaji.

Jioni ile nikamwendea kwake. Nikamchomoa vitu vyake masikioni kwa mikono yangu, nikarudia maneno yote ya siku ile. Akavichukua, akaviweka mezani. Nikadhani ataomba radhi.

Akasema, "Kumbe ndiyo ulichokuwa unasema? Nilikuwa nasikiliza jozi mpya." Kwa hiyo kichwa alikuwa anakitikisia muziki. Halafu akakunja uso: "Ina maana maoni yote uliyonipa ni ya upande mmoja? Mimi nimeshawaambia watu pande zote ziko sawa!"

Ndugu zangu, hicho ndicho kilichomuuma. Kisha akanisihi wazazi wake wasijue, na wafuasi wake ndiyo kabisa. "Watasema mtaalamu wa sauti kaoa kiziwi."

Sasa wazee wake wanakuja Rungwe Mpya Jumamosi na mahari. Nimemwambia shangazi nataka kuvunja, akaniwakia: "Hanywi, hapigi, ana mshahara. Ulitaka mume au ulitaka daktari wa masikio? Mwanaume gani anasikiliza?" Baba ameshaalika ukoo. Mama naye tangu jana anapaka udongo upya ukuta wa mbele. Nikimwona na mikono yake imejaa matope, naona aibu kufungua mdomo.

Kuna wakati najiambia shangazi ana haki, umri nao haunisubiri. Simchukii yule bwana. Namdharau, na nahofia dharau ni mbaya zaidi, maana chuki huisha. Yeye pia anaufuata ukurasa huu, lakini sina wasiwasi, hata akisomewa kwa sauti hatasikia.

Kinachoninyima raha ni hiki. Nikilala nikalalia sikio langu zima, sisikii chochote, hata mvua juu ya bati. Nyumbani mdogo wangu ndiye huniamsha kwa kunigusa bega. Je, siku nikizaa, mtoto akalia usiku mimi nimelalia upande huo, na baba yake yuko pembeni anapima besi, nani atamsikia?

Nyie wenye masikio mawili mazima, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Niwaache wazee wa watu waje, au niwapigie simu mapema wasifunge safari?