Dereva Aliyemdharau Kapteni Godoro

Fundi breki mmoja alikuwa na nishani ya ushujaa, na aliitupia kwenye kopo la nati na skrubu. Mkewe aliitoa, akaifuta grisi, akaifungia kabatini. Kesho yake ikawa imerudi koponi. Walishindana hivyo mpaka mke akaichimbia chini ya nguo zake za ndani, mahali ambapo mume hakuthubutu kupekua.

Vitani alikuwa dereva wa lori. Alibeba viazi, risasi na majeruhi, na vyote alivibeba kwa uangalifu uleule, kwa sababu hakuna hata kimoja kinachopenda mashimo. Mkuu wake alikuwa kapteni mwenye masharubu yaliyopakwa mafuta na godoro la springi. Askari walilala juu ya turubai. Kapteni bila godoro lake hakupata usingizi, na kila kikosi kilipohama, wanaume wanne walilibeba mabegani kama wamebeba maiti ya mfalme.

Siku adui alipowazidi nguvu, majeruhi walikuwa wamelazwa kwenye madarasa ya shule, upande uleule wa mto aliokuwako adui. Kapteni alitoa amri moja tu: "Magari yote yaondoke! Majeruhi tutawarudia." Maneno ya mwisho aliyatolea dirishani, gari lake limeshaondoka, godoro limefungwa juu kwa kamba. Godoro lilipata nafasi. Waliovunjika miguu hawakupata.

Dereva alitii. Hilo alilisema mwenyewe kila alipoulizwa, ingawa watu hawakupenda kulisikia. Alivuka daraja pamoja na wenzake, lori lake tupu, na ule utupu ndio uliomshinda. Kila shimo lilifanya bodi ilie kama debe. Akageuza.

Hakurudi kama simba. Alirudi anatetemeka, suruali imelowa, anajitukana kwa sauti. Aliwapakia wote waliokuwa bado wanapumua, huyu juu ya yule, na mpiga redio wa kikosi, aliyevunjika mguu, akamweka mbele kwa kukosa pengine. Walipofika darajani risasi zikapasua kioo, moja ikamwingia dereva begani. Usukani ukamponyoka, mpiga redio akaudaka.

"Kanyaga mafuta, mjinga wewe!" alifoka mpiga redio. "Utakufa tukishafika!"

Walifika. Mkono wa bega lile haukunyanyuka tena kupita sikio.

Vita vilipokwisha, ikatangazwa kwamba kapteni ndiye aliyepanga kuwaokoa majeruhi, naye dereva alitekeleza tu. Dereva akapewa nishani. Kapteni akapewa kubwa zaidi, na cheo juu yake. Siku ya gwaride, aliyemvisha dereva alikuwa kapteni huyohuyo, masharubu yakimeremeta.

"Tulifanya kazi nzuri, kijana," alisema, akitafuta pa kuchomeka pini.

"Ndiyo, afande," alijibu dereva, na jibu hilo likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Alipoacha jeshi alifungua karakana. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya vita, gari la jeshi lilimfuata, akapangwe jukwaani kama chungu cha maua, amsikilize kapteni, ambaye sasa alikuwa kanali, akisimulia. Mwaka hadi mwaka mto ulipanuka, adui wakaongezeka, na kanali akazidi kuusogelea usukani. Ilibaki kidogo aendeshe lori mwenyewe. Watu walipiga makofi. Dereva aliwadharau nao: watu wazima na akili zao, wanameza maneno kama kuku anavyomeza punje, bila kutafuna. Mwishowe gari lilipokuja alijificha chini ya pikapu ya mteja, akamwambia mkewe aseme hayupo.

"Hayupo," mke alimwambia askari aliyetumwa, "ila miguu yake ile pale."

Askari aliondoka akicheka. Mke akainama. "Baba watoto, hiyo dharau yako imekuwa mpangaji humu ndani. Inakula nasi, inalala nasi."

"Basi ni mpangaji mwema. Haipigi kelele," ilijibu miguu.

Miaka ikaenda. Asubuhi moja kanali mwenyewe akaja karakana, mstaafu, masharubu meupe. Fundi hakunyanyuka, alimsogezea tairi kuukuu akalie, akaendelea kusugua ngoma ya breki.

"Wamejenga upya lile daraja," alisema kanali. "Litapewa jina langu. Siku ya ufunguzi nataka uniendeshe, tuwe wa kwanza kuvuka."

"Mara ya kwanza ulivuka bila mimi, afande. Na ulivuka upesi."

Kanali alitazama mlangoni, kisha akashusha sauti. "Niliogopa. Wewe mtu usiyeogopa huwezi kunielewa."

"Nani asiyeogopa? Nilijikojolea! Kiti cha lori kilinuka wiki nzima. Usinigawie ushujaa wa bure ili woga wako uonekane ugonjwa."

"Basi utawaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kikosi kizima kinakuita Kapteni Godoro."

Kanali alikodoa macho. "Nani ananiita hivyo?"

"Wote. Tangu siku ile. Hata mpishi."

Mzee yule alifunika masharubu yake kwa mkono. Miaka yote ile wakongwe walipompigia saluti alidhani wanatabasamu kwa heshima. Aliondoka bila kuaga, suruali yake nyeupe ina duara jeusi matakoni, na fundi hakumwambia.

Daraja lilifunguliwa. Fundi hakwenda, mpiga redio alikwenda na gongo lake, akaja kusimulia. Kanali alipopewa kipaza sauti aliwatazama wakongwe wa mstari wa mbele, uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine. Kisha akawashukuru wajenzi, akaketi. Hakuna mto, hakuna adui, hakuna lori. Watu walipiga makofi vilevile.

Mke alimtazama mumewe, akingoja walau acheke. Fundi akafyonya.

"Alikuwa na nafasi ya kusema kweli mbele ya wote. Na hiyo nayo kaikimbia."

"Wewe," alisema mkewe, "hata malaika akikushukia utamwambia kachelewa."

"Na akichelewa kweli, nisimwambie?" alisema fundi, akajiingiza tena chini ya pikapu.