Lunete ya Bunduki ya Baba Mdogo

Shaka lililoninyima usingizi wiki ile lilikuwa moja tu: nikichagua lunete mbaya, kuna mtu ataumia tena, na safari hii atakuwa ameumizwa na mimi.

Nasema "tena" kwa sababu ilishatokea. Baba mdogo, anayemfuata marehemu baba yangu, analima mpunga na mihogo Bwegera, bondeni kaskazini ya Uvira, na upande ule wa mashamba ndiye peke yake mwenye bunduki ya kuwinda yenye karatasi zote. Ni karabini ya zamani aliyoachiwa na babu. Nguruwe pori wakishuka kufukua mihogo, yeye ndiye anaitwa. Msimu uliopita alimlenga dume akakosea, risasi ikapita tumboni badala ya begani. Mnyama akakimbia ovyo na maumivu yake mpaka kwenye matuta ambako mama mmoja jirani alikuwa anapalilia, akampasua paja. Yule mama alipona, lakini hadi leo anachechemea, na Jumapili akipanda ngazi za kanisa baba mdogo huinamisha macho. Kamati ya mashamba haikumtukana. Ilimwambia kwa heshima kwamba akikosea mara nyingine, heri bunduki ibaki nyumbani.

Ndipo akanipigia simu mimi, Uvira.

"Minye nataka lunete," akasema. Lunete ndiyo jina letu la darubini ndogo inayofungwa juu ya bunduki. "Iwe nyepesi, maana natembea. Na iwe ya kuaminika. Weye ulisoma mambo ya vioo, weye utachagua."

Ni kweli nilisoma fizikia. Kwa miaka yote ya lisansi, shahada yangu ya chuo kikuu, nilichora lenzi kwenye daftari, mshale ukiingia huku na kutokea kule, mwalimu akituambia tuchukulie kwamba lenzi ni nyembamba. Lenzi yenyewe sikuwahi kuishika. Maabara yetu ilikuwa kabati lenye kufuli, na ufunguo ulikuwa kwa mtu ambaye kila siku alikuwa safarini. Lakini huwezi kumweleza hivyo baba mdogo aliyeuza ng'ombe ili usome. Nikasema ndiyo.

Nikanunua daftari. Nikaandika maswali, na kila swali likazaa mengine. Ikikuza sana, si mkono ukitikisika kidogo kila kitu kitatikisika? Ikikuza kidogo, si bora macho matupu? Bunduki inapiga teke; lunete ikikaa karibu sana na jicho, si itampasua nyusi? Asubuhi za bonde zina ukungu. Unyevu ukiingia ndani ya kioo? Mama alikuwa ananipita kibarazani kwetu, mtaa wa Songo, na beseni la nguo, akaniuliza kama nimepata kazi ya kuandika Biblia.

Sokoni kuna mama mmoja anayeuza redio, tochi na miwani. Ukoo wake umefanya biashara ziwani tangu mababu wa mababu zake, na kitu asichokuwa nacho anajua ndugu wa kumwagizia. Alikuwa na lunete mbili zilizofika na mzigo wa redio kupitia Kigoma. Moja kubwa, nene kama chupa ya maziwa, ina pete unayoizungusha ili kukuza zaidi au kupunguza. Ya pili ndogo, nyeusi, haina pete. Inakuza mara nne na basi. Nikaomba mizani yake. Ile kubwa ilikuwa na uzito zaidi ya mara mbili ya ile ndogo.

Nilikaa dukani kwake hadi akaenda kuswali adhuhuri na kurudi, mimi bado nachungulia paa la jirani. Aliniambia kwamba yeye alichagua mume kwa muda mfupi kuliko huo, na mume hajaharibika. Nikamwomba niende nazo zote mbili siku chache, ili baba mdogo mwenyewe azione. Akataka rehani. Sikuwa na kitu isipokuwa atestasyo yangu ya kumaliza masomo, ile karatasi tunayopewa wakati diploma yenyewe bado inasubiriwa. Akaisoma mbele na nyuma, akaiweka ndani ya Kurani kabatini ili isikunjike, akasema hajui itamsaidia nini, ila ameona namna ninavyoishika.

Nyumbani nilizizika zote mbili kwenye barafu ya muuza samaki, halafu nikazitoa juani. Kama zinavuja, mvuke ungeonekana ndani. Haukuonekana popote. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilizidi kuhangaika, kwa sababu sasa hazikuwa na tofauti ya kuniamulia. Tena jioni, ile kubwa ilikuwa na mwanga mzuri zaidi, na nguruwe hushuka jioni. Ile ndogo ilikuwa inaanza kufifia jua likigusa milima.

Kisha nikafanya kosa ambalo hadi leo wananichekea. Niliogopa bariyeri, kile kizuizi cha askari barabarani. Siku hizi, msichana akikutwa barabarani na vyombo vya kulengea bunduki, atamweleza nani kuhusu nguruwe? Nilikuwa na nakala ya kibali cha baba mdogo mfukoni, iliyogongwa mhuri, na bado nikaona afadhali kuficha. Nikazifukia lunete zote mbili ndani ya mfuko wa unga wa mihogo, nikaufunga vizuri, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, kuelekea Bwegera.

Kwenye bariyeri askari aliuliza nimebeba nini. Nikasema unga wa mihogo, napelekea baba mdogo.

Akamtazama dereva wa moto, dereva akatazama pembeni.

"Dada," akasema, "unga unatoka Bwegera unakwenda Uvira. Weye peke yako ndiyo unaurudisha?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilifikiria barafu, mvuke, nyusi na mizani, lakini sikukumbuka kwamba bonde zima linatulisha unga. Askari akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa ile kubwa, nyeupe kama mkate usiookwa. Nikatoa kibali, nikaeleza yote kwa pumzi moja: babu, dume, paja la yule mama, fizikia. Alisoma karatasi taratibu, akanilinganisha nayo kana kwamba picha ilikuwa yangu. Akafuta kioo kwa kofia yake na kumwangalia ng'ombe aliyekuwa mbali ng'ambo ya barabara.

"Kumbe iko na karatasi. Unaficha nini sasa?"

"Niliogopa, shefu."

"Muoga ndiye anatupotezea muda," akasema, akamwita mwenzake naye aje amwone ng'ombe. Waliangalia kwa zamu. Mwishowe waliandika jina langu kwenye daftari lao na kuturuhusu. Dereva alicheka peke yake hadi tukaanza kuona mpunga.

Baba mdogo alinipokea vizuri, lakini lunete hazikuwa vizuri. Unga ulikuwa umeingia kwenye pete ya ile kubwa. Ukiizungusha ilisaga kama jiwe chini ya mlango. Mama mdogo alileta unyoya wa kuku, tukafagia ufa ule hadi chai ikapoa, na bado ilikwama karibu na mwisho. Ile ndogo tulipangusa tu. Niliandika hilo daftarini. Bwegera wakati wa kiangazi vumbi lake ni jepesi kuliko unga, na vumbi halina haja ya kufichwa ndani ya mfuko ili lipenye.

Hata hivyo baba mdogo aliipenda ile kubwa. Aliishika kama kitu cha waziri. Asubuhi tulikwenda kwenye ukingo wa mfereji, mahali ambapo nyuma yake kuna udongo mrefu wa kuzuia risasi, bunduki ikiwa haina risasi. Nilitundika gunia tupu la mbolea kwenye kijiti, nikarudi. Akaibana ile kubwa juu ya bunduki kwa mkono, akaangalia, kisha ile ndogo, akasema zote zinaonyesha, ila kubwa zaidi.

Nikamwuliza gunia limeandikwa nini. Nilitaka kujua tu kwa ipi maandishi yanasomeka, niweke alama daftarini.

Akachungulia tena. "Hamsini. Kilo hamsini."

Nilikuwa nimelitundika kinyume. Upande uliotuelekea haukuwa na maandishi yoyote.

Nikajisemea pengine amekumbuka tu, magunia yote ya mbolea ni hamsini. Nikaenda hadi kule, nikaliondoa gunia, nikatundika kitenge changu cha njano, nikarudi, nikamwuliza sasa anaona nini. Akasema gunia. Nikampa ile ndogo. Gunia. Alikuwa amefumba jicho la kushoto, kama wanavyofanya watu wote wa mkono wa kulia, na lile la kulia lililobaki wazi, nilipolitazama kwa karibu kwa mara ya kwanza, lilikuwa na wingu katikati, kama maji ya kuoshea mchele.

"Baba," nikasema, "pale nimetundika kitenge. Cha njano."

Akashusha bunduki. Akakipangusa kioo kwa shati lake, polepole, zaidi ya ilivyohitajika.

"Ni unga wako huu," akasema. "Umechafua vioo."

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea. Ningesema ndiyo baba, ni unga, nisamehe, tungerudi nyumbani kula, na mimi ningekuwa yule mtoto wa masomo asiyejua kubeba vitu. Kwetu mtoto hamwambii ndugu wa baba yake kwamba haoni. Atamwambia mkubwa mmoja, na huyo atazunguka kwa mwingine, hadi neno limfikie likiwa limevaa nguo. Nilifikiria hayo yote. Nilifikiria pia kwamba labda nimekosea, kwamba labda jua lilikuwa linampiga usoni. Jua lilikuwa mgongoni kwetu. Na yule mama aliyepasuliwa paja alikuwa anakuja kando ya mfereji na jembe begani, akitembea kwa ule mwendo wake wa hatua moja ndefu na moja fupi. Akatusalimu, tukamwitikia, akapita.

"Hapana, baba," nikasema. "Vioo ni safi. Ni jicho."

Nilingoja anikaripie. Aliweka bunduki juu ya magoti.

"Nilijua," akasema. "Tangu kabla ya huyu mama. Nilisema lunete itanisaidia."

Tuliketi pale na ndege wa mpunga wakipiga kelele. Baada ya muda nikamwomba ajaribu jicho lingine. Akasema bunduki haishikwi hivyo. Nikasema tujaribu tu. Akaihamishia bega la kushoto, akahangaika na kitako kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani, akafumba jicho la kulia.

"Njano," akasema. Kisha: "Iko na maua. Na pindo limefumuka."

Lilikuwa limefumuka kweli.

Hapo ndipo daftari langu lilipopata kazi. Kwa bega la kushoto ile kubwa ilimshinda. Uzito wake uliivuta bunduki upande, na jicho lilipaswa kukaa mahali pamoja tu, ukisogea kidogo unaona giza. Ile ndogo ilimruhusu kuweka kichwa mbali, na hata akikosea kidogo bado ule msalaba wa kulengea ndani ya kioo unaonekana. Haina pete ya kumeza vumbi. Haina cha kuzungusha huku mnyama anakuja. Kuhusu jioni, nilimwambia kile ambacho nilikuwa naogopa kukiandika: ni kweli hii itafifia mapema, na ikififia utarudi nyumbani. Asiyeuona msalaba hapigi. Na hatapiga mnyama yeyote hadi akae mwezi mzima akifanya mazoezi kwa mkono wa kushoto, na kabla ya hapo tutashuka pamoja Uvira kwa daktari wa macho.

"Umekuwa kamati," akasema. Lakini alisema akitafuta bisibisi mfukoni.

Tuliifunga ile ndogo, nikalitundika tena gunia. Nilitoa komeo la bunduki, nikachungulia ndani ya mtutu hadi nikaliona gunia katikati ya tundu, halafu nikasogeza msalaba hadi nao ukafika palepale. Jambo hilo ndilo pekee lililofanana na michoro yangu ya darasani. Nikalirudisha komeo, baba mdogo akatia risasi, nikarudi nyuma yake, nikaziba masikio. Risasi ya kwanza ilipiga udongo upande wa kulia. Nikageuza kidogo kifungo cha lunete. Ya pili ikagusa pindo la gunia. Ya tatu na ya nne zilitoboa karibu na katikati, ungeweza kuzifunika zote mbili kwa kiganja.

Mashaka hayakuisha. Nilijiuliza kama skurubu zitalegea, kama siku moja atarudia bega lake la zamani kwa mazoea, kama ile kubwa si ndiyo ingetufaa baada ya daktari. Tukarudi nyumbani. Nikatoa kichupa cha rangi ya kucha kwenye mkoba wangu, ile nyekundu, nikakaza kila skurubu hadi kiganja kikauma, nikaipaka moja baada ya nyingine juu ya kichwa chake, ili ikikauka isizunguke tena. Baba mdogo alitazama bunduki ya babu ikiwa na madoa mekundu. Nikapuliza hadi yakakauka. Kisha nikaifunga ile kubwa kwenye kitenge changu, peke yake, ionekane, nikaenda barabarani kungoja moto wa kurudi Uvira, kuirudisha kwa yule mama wa sokoni, kumlipa ile ndogo na kuikomboa atestasyo yangu.